Tafiti za Virusi Zisiozee Kabatini

Upo ugonjwa wa mihogo ambao humhadaa mkulima hadi siku ya mavuno. Majani huweza kuonekana ya kijani, shina likasimama wima, na mwenye shamba akapita akijipongeza kwa juhudi zake. Anapong'oa ndipo anapokuta muhogo umejaa mabaka makavu ya rangi ya kahawia, magumu kama gome la mti, usiofaa kwa chungu wala kwa soko. Wataalamu huuita ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Chanzo chake ni virusi, na waenezaji wake ni wawili: nzi weupe, wale wadudu wadogo wanaojificha chini ya majani, na mkulima mwenyewe anapokata vijiti vya mmea mgonjwa na kuvipanda tena, au kumpa jirani yake kwa nia njema kabisa.

Ugonjwa huu si mgeni wa jana. Ulielezwa kitaalamu katika miaka ya 1930 na mtafiti H. H. Storey wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara. Kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa msiba wa nyanda za chini za pwani na wa mwambao wa Ziwa Malawi. Kuanzia mwaka 2004 ukaonekana ukienea nchini Uganda na hatimaye katika maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria, mahali ambapo watu walikuwa hawajauzoea. Leo wapo wanafunzi wa uzamili na uzamifu katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ambao wanauchunguza ugonjwa huu usiku na mchana. Wanazijua sura za virusi vyake, wanajua aina zake, na wanajua ni mbegu gani inayostahimili na ni ipi isiyostahimili.

Swali ambalo makala haya yanakusudia kuliuliza ni jepesi kulitamka ila ni zito kulijibu: Je, ujuzi huo unafika wapi baada ya mwanafunzi kuvishwa joho?

Mimi ni mwanaisimu. Kazi yangu ni lugha, wala sidai utaalamu wa maabara. Hata hivyo, mwanaisimu ana haki, na pengine ana wajibu, wa kuuliza habari ya elimu inayozalishwa kwa jasho la taifa lakini isiyoweza kusemwa kwa lugha ya taifa.

Eneo lenye historia ndefu

Yamkini wapo wanafunzi wanaodhani kwamba elimu ya virusi ni jambo la ng'ambo tulilolipokea juzi likiwa limekwisha kupikwa. Dhana hiyo haina msingi. Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo ambako elimu hii imekulia.

Mwaka 1930, kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha walianza kufa kwa wingi, hasa wanakondoo. Uchunguzi uliofanywa, na kuchapishwa mwaka 1931, ndio uliotambulisha homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa ambao baadaye ulizuka tena kwa ukali mwaka 1997 na mwaka 2006, ukaua watu na mifugo. Nchini Uganda, taasisi ya utafiti wa homa ya manjano ilianzishwa Entebbe mwaka 1936. Mwaka uliofuata watafiti walitenga virusi vya West Nile kutoka kwa mwanamke wa wilaya yenye jina hilo, na mwaka 1947 wakatenga virusi vya Zika kutoka kwa tumbili aliyewekwa katika msitu wa Zika. Takribani miaka 70 baadaye, dunia nzima ililijua jina la msitu huo.

Fauka ya hayo, ushindi mmoja mkubwa kabisa katika historia ya elimu hii ulianzia hapa Kenya, katika maabara za Muguga. Sotoka, gonjwa lililofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji wengi bila kitu, lilipatiwa chanjo ya kutegemewa na Walter Plowright na wenzake walioikuza katika seli za figo za ndama. Kazi hiyo ilimpatia Plowright Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999. Dalili za mwisho za virusi vya sotoka zilionekana mwaka 2001 miongoni mwa nyati wa Mbuga ya Meru, na mwaka 2011 ikatangazwa rasmi kwamba ugonjwa huo umetoweka duniani. Ni ugonjwa wa pili tu kuangamizwa na binadamu, baada ya ndui.

Lipo jambo moja katika kisa cha sotoka ambalo husimuliwa kwa uchache. Chanjo peke yake haikutosha. Katika hatua za mwisho virusi vilikuwa vimejificha katika maeneo ya wafugaji, vikisababisha ugonjwa hafifu usiotambulika kwa urahisi. Watafiti walilazimika kuketi na wafugaji, wakiwamo Wasomali na Wamaasai, na kuwasikiliza wakieleza magonjwa ya ng'ombe wao kwa majina yao wenyewe. Mfugaji alijua kutofautisha ugonjwa na ugonjwa. Kilichohitajika ni msomi mwenye masikio. Maarifa hayo ya wafugaji yaliingia katika hesabu za kisayansi na yakasaidia kuufuata ugonjwa hadi maficho yake ya mwisho. Kwa maneno mengine, lugha ilikuwa mojawapo ya vyombo vya kazi, sawa na sindano na barafu.

Majina yetu, vitabu vya wengine

Tukiyachunguza majina ya virusi tunakutana na kejeli ya aina yake. Mwaka 1952 homa ya ajabu ilizuka katika nyanda za Newala, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa waliumwa na viungo hata wakashindwa kusimama wima. Wamakonde wakauita ugonjwa huo chikungunya, yaani kile kinachomkunja mtu. Vitabu vingi vya kigeni vimeandika kwamba hilo ni neno la Kiswahili. Silo. Ni la Kimakonde, ingawa msemaji wa Kiswahili hakosi kuusikia undugu, kwa kuwa kiambishi chi- cha Kimakonde ni ndugu wa ki- yetu. Mwaka 2004 ugonjwa huo ulizuka Lamu na Mombasa, ukavuka bahari hadi Komoro na kisiwa cha Réunion, ambako takribani theluthi moja ya wakazi waliugua katika miaka ya 2005 na 2006. Neno la Newala likawa neno la dunia.

Vivyo hivyo, mwaka 1959 homa nyingine ya viungo ilizuka kaskazini magharibi mwa Uganda, ikaenea hadi Kenya na Tanganyika, na kuwapata watu wapatao milioni 2. Waacholi waliipa jina la o'nyong-nyong, wakirejelea viungo vinavyolegea, na jina hilo ndilo linalotumika hadi leo katika majarida ya London na Marekani. Hata neno dengue wapo wanaoliunganisha na kidingapopo, jina lililotajwa Unguja katika karne ya 19, ijapokuwa wataalamu wa asili ya maneno hawajaafikiana kuhusu jambo hilo.

Tazama basi hali ilivyo. Mwanakijiji wa Newala aliutazama ugonjwa, akauelewa umbo lake na kuupa jina ambalo sayansi ililiona kuwa bora kuliko jina jingine lolote. Lakini mjukuu wa mwanakijiji huyo, akitaka kujua virusi hivyo vimeundwaje, vinaingiaje katika seli na kwa nini maumivu ya viungo hudumu kwa miezi, hana kitabu cha lugha yake wala cha Kiswahili kitakachomweleza kwa ukamilifu. Jina tumelitoa sisi, maelezo yakabaki kwa wengine.

Kazi ya mwanafunzi wa uzamili

Ili tusimlaumu mwanafunzi bila haki, inafaa tujue kazi yake. Chukua mfano wa yule anayechunguza michirizi ya kahawia. Huanzia shambani, akakusanya majani na kuandika mahali, aina ya mbegu na dalili. Maabarani huyasaga majani na kutoa humo RNA, ile molekuli inayobeba maagizo ya virusi hivi. Huigeuza RNA kuwa DNA, kisha kwa mbinu ya PCR, iliyobuniwa mwaka 1983, hunakilisha kipande kidogo mara mamilioni hadi kiweze kuonekana. Baadaye husoma mpangilio wa herufi za urithi, ambazo kwa virusi hivi ni 9,000 hivi, na kuulinganisha na mipangilio iliyokusanywa kwingineko. Hapo ndipo anapoweza kusema: virusi hivi ni ndugu wa vile vya Uganda, au ni wale wale wa pwani, au ni aina ambayo haijawahi kuonekana.

Kazi hiyo huhitaji kemikali ambazo aghalabu huagizwa kutoka ng'ambo na ambazo lazima zihifadhiwe katika baridi kali. Umeme ukikatika usiku mmoja, jasho la miezi huenda likapotea. Zipo taasisi za kujivunia. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, iliyoanzishwa mwaka 1979, inashirikiana na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kuwafunza wanafunzi wa shahada za juu. Huko Kilifi, kituo kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano wa KEMRI na mfuko wa Wellcome ndicho kilichosoma jenomu za virusi vya korona baada ya ugonjwa huo kuthibitishwa nchini mwezi Machi 2020. Taasisi ya ILRI jijini Nairobi imewapokea watafiti chipukizi kutoka nchi nyingi za Afrika na kuwafungulia maabara zake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya fedha zinazoendesha kazi hizi hutoka kwa wafadhili wa nje. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 ilikusudia asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti. Lengo hilo limebaki katika karatasi.

Juu ya mzigo huo, viwango vilivyowekwa na Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 humtaka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha makala mawili katika majarida ya kitaalamu, na wa uzamili makala moja. Takwa hilo ni jema. Ila majarida yanayohesabiwa karibu yote ni ya Kiingereza, wasomaji wake wako mbali, na mara nyingine kuyasoma huhitaji malipo ambayo mwalimu wa sekondari huko Ganze au Bomet hawezi kuyamudu. Mwanafunzi anayetaka kuhitimu atafanya lile linalopewa alama. Hakuna alama hata moja inayotolewa kwa kumweleza mkulima, kwa hiyo mkulima haelezwi. Tasnifu hupigwa jalada jeusi, hutiwa maandishi ya dhahabu, huwekwa kabatini, na hapo huanza kuoza polepole kama muhogo ule tuliouzungumzia: nje ni nzima, faida yake haionekani.

Msamiati tunao, tunaukosea

Watu wengi wakisikia hoja hii hujibu haraka: Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Jibu hilo limekuwa wimbo wa kila siku, nasi twafaa kuupima ukweli wake.

Chukua neno lenyewe virusi. Asili yake ni Kilatini, ambako lilikuwa na maana ya sumu. Lilipoingia katika Kiswahili lilipata irabu mwishoni, na masikio ya Waswahili yakasikia vi- pale mwanzoni. Basi likaingizwa katika ngeli ya KI-VI, likatafutiwa umoja, ukazaliwa kirusi. Wapo wanaokereka na kusema kwamba Kirusi ni lugha ya Warusi. Hapana tatizo hapo. Herufi kubwa na muktadha vyatosha, na sijasikia daktari aliyempima mgonjwa akamkuta na lugha ya Moscow. Mchakato huo huo ndio uliotupa vitabu kutokana na kitabu, ijapokuwa katika Kiarabu ki- ile ni sehemu ya neno lenyewe wala si kiambishi. Lugha iliyo hai hulimeza neno la kigeni na kulisarifu kwa kanuni zake. Hiyo ni dalili ya afya.

Tatizo letu liko kwingine. Kwa kukosa uangalifu tunatumia neno moja kwa vitu viwili. Mara nyingi redioni na hata darasani, virusi na bakteria huitwa kwa pamoja vijidudu, au viini vya maradhi. Kwa mwanafunzi wa darasa la tatu hilo halidhuru. Kwa mama mwenye mtoto anayekohoa, lina madhara. Bakteria ni kiumbe kamili chenye seli yake, nacho huweza kuuawa kwa antibayotiki. Virusi havina seli. Huingia katika seli za mwili na kuzitumia kujizalisha, na antibayotiki haziviwezi kamwe. Mama akiambiwa kwamba mafua na kidonda kilichooza vyote vyasababishwa na vijidudu, atauliza kwa haki kabisa kwa nini asinunue dawa ile ile. Naye akinunua, anachangia usugu wa dawa, yaani bakteria kuzizoea dawa hadi zisifae kitu. Hapa kosa la msamiati limekuwa kosa la afya ya umma.

Mfano wa pili ni ule wa vyakula vya GMO. Magazeti yetu huviita vyakula vilivyokuzwa kisayansi. Sasa mahindi chotara yaliyotolewa Kitale mwaka 1964, ambayo wazazi wetu waliyapanda na kutusomesha kwayo, yalikuzwa vipi kama si kisayansi? Neno hilo halitenganishi chochote. Likitajwa, msomaji hubaki na hofu au imani isiyo na umbo. Tukisema mimea iliyohamishiwa jeni, au iliyobadilishwa jeni, angalau tumemwambia kilichofanyika, na anaweza kuuliza swali linalofuata: jeni gani, kutoka wapi, na kwa sababu gani?

Kwamba tunaweza kubuni vyema ilikwisha kuthibitika zamani. Ukimwi ni ufupisho wa maneno matatu mepesi yanayotaja upungufu wa kinga mwilini. Mtoto wa shule anayelijua neno hilo amekwisha kufundishwa nusu ya somo, kwa sababu jina lenyewe linamwambia kilichoharibika. Aidha, mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Maneno yapo. Kinachokosekana ni watu wa kuyatumia mahali panapohusika, yaani katika utafiti wenyewe, hadi yakwaruzane na hali halisi na kunolewa.

Gharama ya ukimya

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya wanalugha kujitafutia kazi. Na tutazame basi gharama ya ukimya.

Mwezi Novemba 2012 serikali ilipiga marufuku uagizaji wa vyakula vilivyobadilishwa jeni. Marufuku hayo yalidumu hadi Oktoba 2022 yalipoondolewa, na mabishano yakahamia mahakamani. Katikati ya kipindi hicho, mwezi Juni 2021, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia iliidhinisha muhogo uliobadilishwa jeni ili ustahimili michirizi ya kahawia, hatua iliyofungua njia ya majaribio ya kitaifa. Muhogo huo ulitokana na ushirikiano wa watafiti wa Kenya, Uganda na Marekani. Namna unavyofanya kazi si siri: mmea hupewa kipande kifupi cha maagizo ya virusi vyenyewe, nao ukaweza kuvitambua vinapoingia na kuyakatakata maagizo yao kabla havijazaana. Ni kama mlinzi wa lango aliyepewa picha ya mwizi.

Sisemi kwamba kila mtu akielezwa hivyo ataukubali muhogo huo. Lina maswali yake jambo hili: nani atamiliki mbegu, je, mkulima ataweza kumgawia jirani vijiti kama alivyozoea, na nini kitatokea virusi vikijibadilisha? Hayo ni maswali halali na mkulima ana haki ya kuyauliza. Ninachosema ni kwamba katika miaka hiyo 10 wananchi waliombwa kuogopa na upande mmoja, wakaombwa kuamini na upande wa pili, na pande zote mbili hazikuwaeleza kwa lugha yao jambo lenyewe ni lipi. Taifa haliwezi kuamua kwa hekima lile lisiloweza kulitamka.

Upo pia upande wa maadili. Utafiti wa kitabibu hauwezi kufanywa bila ridhaa ya anayechunguzwa. Watafiti wa Kilifi wenyewe wameandika kwa uwazi kuhusu ugumu wa kuwafafanulia wazazi tofauti iliyopo kati ya utafiti na matibabu. Mzazi anayetolewa damu mtoto wake aghalabu hudhani kwamba anatibiwa. Jijini Nairobi, wanawake wa Majengo, Pumwani, wameshiriki tangu mwaka 1985 katika tafiti za virusi vya Ukimwi, na baadhi yao walioonekana kutoambukizwa licha ya hatari walichangia kuwapa wanasayansi wazo la chanjo iliyoanza kujaribiwa nchini mwaka 2001. Chanjo hiyo haikuleta kinga iliyotarajiwa, lakini elimu iliyopatikana ni kubwa. Wanawake wale walitoa damu yao kwa miaka na miaka. Je, hawastahili kusoma, au kusomewa, kwa lugha wanayoielewa, lile lililogunduliwa ndani ya miili yao?

Kifanyike nini?

Malalamiko bila pendekezo ni kelele. Natoa mapendekezo matatu, nayo hayahitaji wizara mpya wala tume ya uchunguzi.

Kwanza, kila tasnifu ya uzamili na uzamifu katika bioteknolojia na elimu ya virusi iwe na ikisiri ya Kiswahili yenye kurasa 3 hivi, iliyoandikwa na mwanafunzi mwenyewe. Ikisiri hiyo itahiniwe. Mtahini mmoja amwombe mtahiniwa aeleze kwa Kiswahili, bila kusoma, ni swali gani alilolijibu na lina maana gani kwa mtu wa kawaida. Asiyeweza kueleza kazi yake nje ya lugha aliyoikariri, pengine hajaielewa.

Pili, kila ikisiri iambatane na faharasa ya istilahi 10 au 20 zilizotumika, na idara za Kiswahili zizipokee, zizipange na kuzilinganisha. Hapa lawama ituangukie sisi wanaisimu pia. Tumezoea kubuni istilahi tukiwa tumefunga milango, kisha tukazilalamikia maabara kwa kutozitumia. Istilahi njema huzaliwa mahali penye kazi. Mwanafunzi wa virusi akikaa na mwanafunzi wa isimu kwa mwezi mmoja, wa kwanza atajifunza kueleza na wa pili atajifunza kitu cha kuelezwa.

Tatu, matokeo yarejeshwe mahali yalipotoka. Ikiwa majani yalichumwa Msambweni, mwanafunzi arudi Msambweni, azungumze katika baraza moja la wakulima na katika shule moja ya sekondari. Gharama ya safari hiyo iandikwe katika pendekezo la utafiti tangu mwanzo, kama inavyoandikwa gharama ya kemikali.

Nazijua pingamizi. Litasemwa kwamba Kiingereza ndicho lugha ya sayansi duniani. Sijamwomba mtu akiache. Makala yaendelee kuandikwa kwa Kiingereza ili wenzetu wa Brazil na India wayasome. Ila kuongea na walio mbali si sababu ya kuwanyima salamu walio karibu. Litasemwa pia kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila Mkenya. Ni kweli. Wakulima wa Bomet ambao mwezi Septemba 2011 waliona mahindi yao yakikauka kwa ugonjwa mpya, uliotokana na virusi vya aina mbili vinavyosaidiana kuuangamiza mmea, huzungumza Kikipsigis nyumbani, na wa Kilifi huzungumza Kigiriama. Lakini maelezo yakishatiwa katika Kiswahili, ambacho kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, njia ya kuyafikisha katika lugha nyingine huwa fupi, kwa sababu dhana zimekwisha kuvuka mto uliokuwa mpana zaidi. Na litasemwa kwamba mwanafunzi amelemewa tayari. Hili nalikubali kwa moyo wote, ndiyo maana nimeomba kurasa 3 na wala si tasnifu ya pili.

Kwenu walimu, hasa wa biolojia na wa Kiswahili: msingoje amri kutoka juu. Mwalimu wa biolojia na mwalimu wa Kiswahili katika shule moja huketi chumba kimoja, hunywa chai ya birika moja, na huenda hawajawahi kuandaa somo moja pamoja. Jaribuni. Waambieni wanafunzi waandike insha inayoeleza tofauti kati ya virusi na bakteria kwa bibi anayeuza dawa za mitishamba sokoni, bila kutumia neno vijidudu hata mara moja. Mtaona wenyewe ni nani aliyeelewa na ni nani aliyekariri.

Nanyi wanafunzi mnaotamani kuingia katika maabara hizi, ingieni. Kazi ipo, na virusi havina likizo. Lakini siku mtakapokabidhiwa shahada, jiulizeni kama yule mkulima aliyewapa majani ya mihogo yake amejua mlichokiona ndani yake. Msimu wa mvua unakuja, naye yumo shambani akikata vijiti vya kupanda. Akikata vya mmea mgonjwa kwa sababu hakuna aliyemwambia, elimu yetu itakuwa imemfaidi nani?